Maua Hayapandwi Kabla ya Dani

Kwetu, kule juu kati ya Rangwe na mji wa Homa Bay, ukiona maua kwa boma la mtu ulikuwa unapunguza sauti. Kama una kofia unaitoa, halafu unauliza polepole, "Ni nani?" Maua yalikuwa na kazi moja tu, kuonyesha penye mtu amelala. Mtu akizikwa, watu wa kanisa wanachomeka matawi ya maua kwa udongo, mengine yanakauka, mengine yanashika, na hayo yenye yameshika ndiyo bustani. Hakuna mtu mzima mwenye akili timamu angeamka asubuhi, na ng'ombe hajakamuliwa, aanze kupanda kitu hakiliwi, hakiuzwi, na ng'ombe mwenyewe akikionja anatema.

Mama yangu ndiye alikuwa anafanya hivyo.

Alizaliwa upande wa Asumbi, karibu na misheni, na kabla aolewe alikuwa anawasaidia masista kunyunyizia maua yao maji. Kwetu mwanamke akiolewa anaitwa kwa penye ametoka, kwa hivyo mama aliitwa Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Wake wengine wa kijiji pia waliitwa hivyo hivyo, nyar hapa, nyar pale. Lakini jina la mama yangu walilitamka kwa pua kidogo, kama mtu anayeshika sahani ya udongo ya wageni.

Miaka ya kwanza alipanda kwa mikebe. Mikebe ya mafuta ya kupikia, imetobolewa chini na msumari, imepangwa kwa ukuta wa nyumba yetu kama wanafunzi wanaongoja chanjo. Mikebe haikumsumbua mtu. Mkebe ni kitu cha jikoni, ukitaka kuweka ujinga ndani ni shauri yako. Shida ilianza alipotaka kushusha ujinga kwa udongo.

Hapa lazima nieleze kuhusu Dani. Dani ni bibi yangu, mama ya baba. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya boma lake, kwa sababu baba alikuwa hajatoka kujenga boma lake mwenyewe. Na kwetu mwanamume akiwa bado yuko kwa boma la mama yake, hata awe na ndevu na watoto na deni la sare ya shule, kila kitu kinaanzia kwa mama yake. Mvua ikinyesha, wa kwanza kuweka mbegu kwa udongo ni yeye. Hata kama anaweka tatu tu kwa mgongo wa choo, aweke. Akishaweka, ndio wake za watoto wake wanafuata. Mavuno pia ni hivyo: yeye anavuna kwanza, anapika, anakula, ndio wengine wanagusa shamba. Ukimpita, unaleta chira, na chira ni ugonjwa wa kukondeana mpaka unaisha, hauna dawa ya duka. Miaka hiyo ya tisini watu wetu walikuwa wanakonda na kuisha kila wiki, na kila mmoja aliisha watu wakikumbuka ni nani alipanda mtama kabla ya nani. Kwa hivyo hata wenye walikuwa wanacheka mambo ya zamani walicheka wakiwa wamengoja zamu yao.

Sasa mama akaenda kwao kusalimia, akarudi na gunia dogo kichwani. Dani alikuwa ameketi mlangoni kwake, penye alikuwa anaketi kama askari wa benki. Alimsimamisha.

"Nyar Asumbi, umebeba nini?"

"Ni kitu kidogo tu, Mama."

"Kidogo kinafanya shingo iingie ndani ya mabega? Shusha tuone."

Mama akashusha. Ilikuwa ni viazi. Yaani, mtu yeyote angesema ni viazi vitamu, vimeshikana kwa shina moja kama vidole, ngozi ya kahawia, vimepakwa udongo. Dani akachukua kimoja, akakinusa, akakikwaruza na ukucha.

"Hii rabuon ni ya aina gani?" Rabuon ndiyo viazi vitamu.

"Si rabuon, Mama. Ni maua. Inaitwa dalia. Mzizi wake ndio uko hivyo."

"Maua yenye tumbo."

"Ndiyo, Mama."

"Na unataka kuyaweka wapi?"

Mama akaonyesha mbele ya nyumba yetu, kipande penye kulikuwa na nyasi na mawe na jogoo wetu anayejiona chifu. Dani aliangalia kipande, akaangalia kiazi, akaangalia mawingu, kwa sababu ilikuwa karibu mvua ndefu.

"Hii ni kodhi," akasema. Kodhi ni mbegu. "Kitu chenye kinaingia kwa udongo na tumbo kama hili ni kodhi. Na mimi sijapanda."

Mama yangu alikuwa mpole, si mjinga. Akaona njia iko wazi. "Basi Mama apande kwanza. Achukue hata yenye anashika."

"Mimi?" Dani akakirudisha kiazi ndani ya gunia kama kimemuuma. "Mimi nipande maua kwa boma langu? Nani amekufa?"

Nilikuwa hapo na nilitaka kucheka, lakini Dani hakuwa anafanya mzaha. Nyuma ya nyumba yake walilala watoto wake wawili, kaka za baba, mmoja hata hakuwa ameoa. Kanisa lilipanda maua hapo, yakashika vizuri, na Dani alikuwa anazunguka nyumba upande ule mwingine ndio asiyaone. Kwa hivyo maneno yake yalikuwa yamefungwa pande zote mbili. Maua hayapandwi kabla yeye apande. Na yeye hawezi panda maua. Ukiangalia vizuri utaona ni sheria safi kabisa, hata bunge haliwezi tengeneza kama hiyo.

Mama akaweka gunia chini ya kitanda changu.

Sasa ingekuwa ni dalia tu, labda angenyamaza. Lakini alikuwa ameshafungua mdomo kanisani. Askofu alikuwa anakuja katikati ya mwaka kutoa kipaimara, na kina mama walikuwa wanagawana kazi: nyinyi kuku, nyinyi mchele, nyinyi kufagia. Ilipofika kwa mapambo, mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo ya mto, akasema kama kawaida watakata matawi ya mti na kufunga karatasi za choo za rangi. Mama yangu, mwenye alikuwa hasemi kitu kwa mikutano, akasema maua ataleta yeye. Maua ya kweli. Ya kujaza altare.

"Utayatoa kwa mikebe?" mwenyekiti akamuuliza, na nyumba nzima ya Mungu ikacheka.

"Nitayatoa kwa shamba," mama akasema.

Kwa hivyo hakuwa anangoja mvua tu. Alikuwa anangoja kuonekana muongo mbele ya askofu na kina mama wote wa parokia, na njiani mpaka kaburini wangekuwa wanamuuliza habari ya shamba.

Akamngojea baba. Baba alikuwa anafanya kazi Migori, kwa duka la vifaa vya ujenzi la Muislamu mmoja aliyetoka pwani, na mwisho wa mwezi alikuwa anakuja na mkate na harufu ya rangi. Mama alimpa chakula kwanza. Akamwambia yote polepole, akamaliza, "Sasa wewe zungumza na mama yako."

Baba akatafuna. Alikuwa mtu wa kutafuna sana swali likija.

"Hayo ni mambo ya wanawake," akasema.

"Boma ni la wanaume, maua ni ya wanawake?"

"Boma ni la mama yangu."

"Si ujenge lako."

Baba akaangalia paa, kama mtu anahesabu mabati. Alitafuna tena, na sahani ilikuwa imeshaisha. Kesho yake akaamka mapema sana kurudi Migori, ati tajiri wake anapokea saruji. Hiyo saruji ilikuwa inafika kila siku kukiwa na shida kwetu.

Mvua ikaanza. Dani akapanda mahindi yake, mama akafuata, kila kitu kwa mpangilio. Na chini ya kitanda gunia likaanza kutembea. Nasema ukweli, dalia zilichoka kungoja sheria. Zilitoa vidole vyeupe, vikapenya kwa gunia, vikaanza kutafuta mwanga kwa mguu wa kitanda changu. Mama alikuwa anapiga magoti asubuhi, anavifunika, anavinyunyizia maji kidogo, anavifunika tena, kama mtu ana mgonjwa. Alijua zikiendelea hivyo wiki ingine zitakula nguvu zote za tumbo na kufa.

Siku moja aliinuka kutoka chini ya kitanda, akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kukumbuka makosa yangu moja moja ndio nichague ya kukubali.

"Wewe unaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Jina langu ni la Dani. Watoto wengi kwetu wanapewa jina la mtu aliyekufa, lakini Dani hakutaka kungoja mpaka hapo, alidai jina lake litoke akiona. Na kwetu jina si kitu cha kuandika kwa daftari tu. Baba alikuwa ananiita mama, na hakuwahi kunichapa, kwa sababu utachapaje mama yako. Wajomba walikuwa wananisalimia kwa mikono miwili wakitaka kuchekesha watu. Dani mwenyewe, akitoa nyama kwa chungu, kipande cha kwanza ni chake na cha pili ni "cha huyu mimi mwingine."

"Kwa hivyo wewe ni mama mkwe wangu," mama akasema.

"Ndiyo," nikasema, na hapo hapo nikaona maisha yamefunguka.

"Basi, Mama," akaniambia, na alisema kwa heshima, uso haukucheka hata kidogo, "naomba utupandie."

Mimi sikukimbilia jembe. Nilikuwa namjua Dani vizuri. Nilisema mgongo unauma. Nikasema siwezi panda kabla ninywe chai, na iwe na sukari. Mama akaniangalia kwa macho yenye yalikuwa yanasema tutakutana baadaye ukiwa mtoto, lakini akaenda kupika chai. Nikanywa nikiwa kwa kiti cha baba. Nikafunga leso kiunoni, nikatoka mbele ya nyumba nikitembea polepole na mkono mmoja nyuma. Mama alikuwa ameshalima kipande chote, mawe ametupa, samadi amechanganya. Nikachimba shimo, nikaweka dalia moja, nikafunika.

"Nimepanda," nikasema. "Na nyinyi wengine sasa mnaweza."

"Asante, Mama," akasema mama yangu, na akapanda zingine zote mpaka jua likawa juu kabisa, bila kupumzika, kama mtu anaficha kitu cha wizi.

Fensi yetu ilikuwa na macho kama fensi zote. Kabla ya ng'ombe kurudi Dani alikuwa ameniita. Alikuwa mlangoni pake, miguu imenyooshwa mbele.

"Nasikia leo nimepanda," akasema.

Nikaangalia chini. "Ndiyo, Dani."

"Nilipanda saa ngapi?"

"Asubuhi. Umande ulikuwa umekauka."

"Vizuri. Mimi sipendi umande. Nilivaa nini?"

"Leso."

"Ya rangi gani?"

"Ya mama. Ya kijani."

"Hiyo ya kijani imetoboka." Akafikiria kidogo. "Nilifanya kazi vizuri ama nilisumbua watu?"

"Ulisema mgongo unauma. Ukapewa chai."

"Yenye sukari?"

"Yenye sukari."

"Hapo ni mimi kabisa," Dani akasema. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jikoni ameshika ufagio bila kufagia. Tulingoja aseme zing'olewe. Lakini Dani alikuwa ameona kitu chenye sisi hatukuwa tumeona. Kung'oa mbegu yenye imeshaingizwa kwa udongo kwa jina lake, ni yeye mwenyewe angekuwa anang'oa mkono wake. Akaita kwa sauti, bila kugeuka, akijua vizuri ufagio uko wapi.

"Nyar Asumbi. Sawa. Nimepanda. Lakini ukumbuke mwenye anapanda kwanza ndiye anavuna kwanza."

"Nimesikia, Mama," ukuta ukajibu.

Dalia zikamea. Zilimea kwa hasira, kama vitu vilivyofungiwa. Mama alikuwa anaamka mapema kabla ya kuku, anatoa konokono kwa mkono, anazifunga kwa vijiti na kamba za gunia la zamani, anazungumza nazo. Mimi nilikuwa namsikia nikiwa kitandani: mama, mwenye kwa watu alikuwa na maneno ya kuhesabu, alikuwa na hadithi nzima za kuambia majani. Halafu zikafungua. Kulikuwa na za njano, na za rangi ya waridi, na katikati ilikuwa ile yenye mimi nilipanda, nyekundu nzito karibu nyeusi, ua lake kubwa kama sahani. Watu wa kwenda soko la Oyugis walisimama njiani. Wengine walitoa kofia na kuuliza ni nani, wakaambiwa hakuna, wakaondoka kama wamedanganywa.

Na Dani akahamisha kiti. Tangu siku ya kwanza ua lifungue, kiti chake kilitoka mlangoni kikakuja mpaka penye angeona vizuri. Kuku akikaribia, ni yeye alikuwa anarusha jiwe. "Toka kwa shamba langu," alikuwa anasema. Lakini jina la hicho kitu hakutaja hata siku moja. Alikuwa anasema shamba, ama kodhi. Neno maua halikutoka.

Wiki ya askofu ikafika. Alhamisi mama akaosha ndoo, akanoa kisu, akaenda kwa Dani na kupiga magoti kidogo.

"Mama, Jumapili ni kipaimara. Naomba uvune, ndio nikate."

"Nitavuna nini?"

"Ukate tu moja, Mama. Yenye unapenda."

Dani akamwangalia kama mtu anaangalia mtoto aliyesoma. "Kwani mahindi tunavuna vipi? Tunakata tunaangalia? Kuvuna ni kupika. Mavuno ya kwanza yanapikwa kwa nyumba yangu, yanaingia kwa mdomo wangu, ndio nyinyi mnafuata. Sasa mimi nile nini hapo? Majani? Mimi ni mbuzi?"

"Maua yanavunwa na macho, Mama."

"Macho hayajawahi kushiba."

Nikaona nafasi. Nikasema mimi ninaweza kula, si jina ni moja. Dani akanigeukia polepole.

"Mikono nilikuazima," akasema. "Tumbo ni langu."

Mama akarudi na ndoo tupu. Ijumaa mwenyekiti wa kina mama akapita, akasimama njiani, akaangalia bustani yote imejaa na ndoo iko kavu. Utasema nini? Ati mama mkwe hajakula maua? Mwenyekiti akasema karatasi za choo wamenunua tayari, kama kutatokea lolote. "Si kwa ubaya, Nyar Asumbi," akasema, na akaenda akiwa na furaha yake yote.

Jumamosi asubuhi nilisikia jembe. Nikatoka nje. Mama alikuwa katikati ya bustani, amesimama juu ya ile nyekundu nzito, yenye alikuwa ameiwekea altare tangu ifungue. Hakuikata. Aliichimba. Aliing'oa yote na mizizi, akatikisa udongo, ua likaanguka upande kama kichwa cha mtu amelala kwa gari. Chini kulikuwa na viazi vipya, vidogo, vimenona kama vidole vya mtoto. Akavikata, akaviosha, akavitia kwa chungu cha rabuon, akafunika na majani ya ndizi. Hakuniambia kitu. Moto aliupuliza mwenyewe.

Vilipoiva aliviweka kwa sahani ya wageni, chumvi pembeni, maziwa ya mgando kwa kibuyu, akabeba mpaka kwa kiti cha Dani na kupiga magoti, safari hii mpaka chini.

"Mavuno ya kwanza, Mama."

Dani aliangalia sahani. Moshi ulikuwa unatoka. Vilikuwa vinafanana na chakula, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hivi watu wanakula?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Wewe umeonja?"

"Nitaonjaje kabla yako?"

Hata jogoo alisimama. Mimi nilikuwa mdogo lakini niliona venye mambo yamekaa. Dani akisema hiki si chakula, basi kamwe hakikuwa kodhi, na mama angekata zote siku hiyo hiyo bila kuomba mtu. Akisema ni chakula, ale. Na hakuna mtu kwa dunia yetu yote, kutoka Oyugis mpaka ziwani, alikuwa anajua kama mtu akila dalia anaamka.

Dani akanitafuta na macho. "Wewe mwenye jina langu, kuja hapa."

"Tumbo ni lako, Mama," mama yangu akasema, polepole, akiangalia mkeka.

Nilidhani atapigwa. Lakini midomo ya Dani ikafanya kitu chenye kwa mtu mwingine kingekuwa kicheko. Akachukua kimoja. Akakichovya chumvi. Akafunga macho, nadhani aliomba, sijui kwa nani, na akatafuna.

"Kina maji," akasema.

Akachukua kingine.

"Kinataka chumvi mingi." Akala cha tatu, akanywa maziwa, akafuta mdomo na leso. "Nimevuna. Nendeni mkate."

Mama alikata mpaka jioni. Lakini hakukuwa na furaha yenye nilingojea. Alikuwa anakata moja, anaangalia mlango wa Dani. Anakata ingine, ananituma niende nimsalimie. "Amesemaje?" "Amesema kwani nimemsalimia mara ngapi leo." "Sura iko vipi?" "Kama kawaida. Mbaya." Alipanga ndoo zote za nyumba, zimejaa, nyumba nzima ikanukia shamba baada ya mvua, na yeye akaketi katikati ya hayo maua yote kama mtu yuko matangani kwake.

Jumapili tukaamka, mlango wa Dani umefungwa. Dani alikuwa anafungua kabla ya ndege. Jua likapanda. Mlango kimya. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisa, amebeba ndoo, amesimama uwanjani hawezi kwenda mbele wala nyuma. Akaita, "Mama?" Sauti ilitoka ndogo. Akaita tena. Maji ya ndoo yakamwagika kwa viatu vyake. Sasa alikuwa na maua ya kutosha kumzika mtu mzima na heshima zote.

Mlango ukafunguka. Dani alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, kitambaa cheupe kichwani, rozari, viatu. Alikuwa amevaa kitambo. Alikuwa ameketi ndani tu, anasikiliza.

"Mnangoja nini?" akasema. "Askofu hangoji watu."

Mama akaweka ndoo chini, akaketi hapo hapo kwa nyasi na nguo ya kanisa. Dani alimpita, akatoa ua moja la njano kwa ndoo, mara ya kwanza maishani nimemwona akishika ua, akatangulia njia.

Altare ilijaa. Za karatasi za choo zilihamishiwa penye waimbaji wanaketi. Askofu, kabla ya kuanza mahubiri, akasema amezunguka parokia nyingi na hajaona maua kama haya, akauliza ni mikono ya nani. Mwenyekiti wa kina mama alianza kujinyoosha ndio aonyeshe kwa kidole. Mama yangu akainamisha kichwa, yuko tayari. Na Dani, kutoka benchi la mbele, akasimama kabla ya mtu yeyote.

"Nilipanda mimi," akasema. Akafikiria. "Na nikala."

Askofu alikuwa mtu wa elimu kubwa. Akasema amina.

Nilimwangalia mama nione kama analia. Alikuwa ameficha uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yanaruka, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Kijijini tangu siku hiyo ikawa ni shamba la Dani. Wageni walipelekwa wakaonyeshwa shamba la Dani. Mwenyekiti mwenyewe alikuja kuomba mbegu, na aliomba kwa Dani, na Dani alimtuma kwa mama yangu kama mtu anatuma mfanyakazi: "Ongea na huyo, ndiye ananiangalilia." Mimi nilikasirika kwa niaba ya mama. Nilimuuliza kwa nini hasemi ni yake. Alikuwa anapalilia. "Tangu liwe la Dani, kuna mtu amewahi kurudi kunicheka?" akaniuliza. "Kuna mbuzi wa mtu amewahi kufungwa hapa azile?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, na akaendelea.

Mwaka uliofuata, mawingu ya mvua ndefu yakiwa ndio yanaanza kukaa juu ya kilima, mama hakuenda kuomba mtu. Alichimba kipande, akachanganya samadi, akatoa dalia kwa majivu penye alikuwa amezihifadhi, akazipanga kwa gunia mbele ya nyumba na akaingia jikoni.

Dani alikuja mwenyewe, na jembe lake. Alichagua moja kwa gunia bila kuuliza. Dalia inapandwa kichwa kikiangalia juu, penye shina lilikuwa, ndio chipukizi litoke. Dani aliiweka kichwa chini, tumbo juu, akaifunika, akaikanyaga mara moja na mguu.

"Nimepanda," akaambia mlango wa jikoni.

"Asante, Mama."

Dani akaondoka, jembe begani, na safari hii hakuzunguka nyumba upande wake wa kila siku. Alipita nyuma, penye watoto wake wamelala. Mama alingoja mpaka akapotea kwa kona. Halafu akatoka jikoni, akapiga magoti, akafukua, akaigeuza.